Gia Haikupi Nguvu: Hesabu ya Kasi ya Baiskeli

Kasi ya baiskeli yoyote inayonyongwa, iwe ile nyeusi ya kubebea mikungu ya ndizi au ile ya nyuzi za kaboni inayouzwa kwa bei ya pikipiki kadhaa, hupatikana kwa kuzidisha namba tatu: idadi ya mizunguko ya pedali kwa dakika, uwiano wa meno ya mbele na ya nyuma, na mzingo wa gurudumu la nyuma. Ukizijua hizo tatu, unaweza kukaa kivulini na kalamu ukataja mtu atakwenda kilomita ngapi kwa saa kabla hajapanda kitini. Hesabu hiyo ni sahihi, na kwa kuwa ni sahihi imezaa imani moja potofu ninayoisikia mara kwa mara kwa wenzangu tunaoendesha baiskeli hapa Moshi, kwamba anayetaka mwendo zaidi atafute gia kubwa zaidi, yaani yenye uwiano mkubwa zaidi wa meno. Nitaieleza kwanza hesabu yenyewe, kisha nionyeshe pale inapomponza mtu.

Tuanze na baiskeli ya keria, yenye gia moja, ambayo ndiyo baiskeli ya watu wengi Afrika Mashariki. Niliipindua ya nyumbani ikasimama kwa kiti na usukani, nikapaka chaki kwenye jino moja ili nisipotelewe na hesabu katikati ya grisi iliyoshikana na vumbi, nikapata meno 44 kwenye duara la mbele na meno 18 kwenye friwili, kile kigurudumu cha meno cha nyuma. Gawanya 44 kwa 18 upate 2.44, maana yake pedali ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara mbili na nusu kasoro kidogo. Gurudumu la inchi 28 likiwa na tairi lake lina mzingo wa takriban mita 2.2, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali huisogeza baiskeli mbele kwa mita 5.4 hivi. Mtu akinyonga mizunguko 60 kwa dakika, yaani mmoja kila sekunde, anakwenda kilomita 19 na ushei kwa saa. Akipunguza hadi 50, anakwenda kilomita 16. Akitaka kufikia 29 hana budi kunyonga mara 90, na yeyote aliyewahi kunyonga mara 90 kwa dakika juu ya kiti cha springi anajua jinsi kiuno kinavyoanza kurukaruka na kiti kulalamika.

Idadi hiyo ya mizunguko kwa dakika ndiyo waendeshaji wa mashindano wanaiita kadensi. Wenye kompyuta ndogo ya usukani huisoma kwenye kioo. Asiye nayo anaweza kuhesabu goti lake la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15, kisha azidishe kwa nne. Katika baiskeli ya gia moja, kadensi na kasi hupanda na kushuka pamoja siku zote, isipokuwa unapoteremka bila kunyonga na kuiacha friwili ilie yenyewe. Baiskeli ya gia nyingi ndiyo inayovitenganisha vitu hivyo viwili. Yangu ya barabarani, ya mtumba, ina maduara mawili mbele, la meno 50 na la meno 34, na nyuma ina msururu wa kuanzia meno 11 hadi 28, na mzingo wa gurudumu lake ni mita 2.1. Nikitaka kwenda kilomita 30 kwa saa kwenye tambarare, naweza kuweka 50 mbele na 15 nyuma nikanyonga mara 71 kwa dakika, au nikaweka 50 na 19 nikanyonga mara 90. Kasi ni ileile, upepo unaonipiga kifuani ni uleule, na kazi ninayoifanya kwa kila sekunde ni ileile, karibu wati 170. Kinachobadilika ni namna kazi hiyo inavyogawanywa. Kwa krenki (mkono unaoshika pedali) ya milimita 170, kunyonga mara 71 kunaidai miguu isukume kwa wastani wa uzito wa kilo 14 katika duara zima, ilhali kunyonga mara 90 kunadai kilo 11. Huo ni wastani tu. Krenki ikiwa imelala na pedali iko mbele, msukumo halisi hukaribia maradufu ya huo, na pedali ikifika juu kabisa au chini kabisa msukumo hupungua sana. Tofauti ya kilo tatu yaonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba hurudiwa zaidi ya mara 4,000 kwa saa.

Kwa hiyo gia hufanya kazi ya mtu anayekuvunjia noti: elfu kumi yako inaweza kurudi ikiwa noti kumi za elfu moja, lakini haiwezi kurudi elfu kumi na moja, na mnyororo wako ukiwa mkavu au una mchanga utakatwa asilimia chache juu yake. Nguvu hutoka kwenye mapafu, moyo na misuli. Gia huamua tu nguvu hiyo ifike kwenye gurudumu kwa misukumo michache mizito au kwa mingi myepesi.

Mahali ambapo jambo hili huonekana waziwazi ni katika rekodi ya saa moja, ile ambayo mwendeshaji huzunguka peke yake kwenye uwanja wa duara kwa dakika 60 na mwisho hupimwa ameenda umbali gani. Baiskeli ya uwanja haina breki, haina friwili, na ina gia moja isiyobadilishwa. Mguu ukisimama, gurudumu nalo linataka kusimama. Kila kitu huamuliwa kabla ya kuanza, pale fundi anapofunga duara la mbele na jino la nyuma, yaani kigurudumu cha meno cha nyuma. Eddy Merckx wa Ubelgiji, tarehe 25 Oktoba 1972, kwenye jiji la Mexico, alifunga 52 mbele na 14 nyuma, akaenda kilomita 49.431. Kila mzunguko wa pedali ulimsogeza karibu mita 7.9, hivyo kadensi yake ya wastani ilikuwa takriban 104. Miaka 50 baadaye, tarehe 8 Oktoba 2022, Filippo Ganna wa Italia alifunga 65 na 14 kwenye uwanja wa Grenchen, Uswisi, akaenda kilomita 56.792. Gia yake ilikuwa kubwa kwa robo nzima kuliko ya Merckx, lakini kadensi yake ilikuwa karibu 97. Katikati yao yupo Bradley Wiggins, aliyeenda kilomita 54.526 jijini London mwaka 2015 kwa 58 na 14, kwa kadensi ya karibu 105.

Zitazame kadensi hizo tatu tena. Katika nusu karne ambamo baiskeli, mavazi, chakula na sayansi ya mazoezi vilibadilika kabisa, miguu ya mabingwa imebaki palepale, kwenye mizunguko mia na kidogo ama mia kasoro. Kilichokua ni gia. Mtu mwepesi wa kuhitimisha atasema basi gia kubwa ndiyo iliyoleta rekodi, na kwa kalamu tupu ana hoja: Merckx angeweka 65 badala ya 52 na akaendelea kunyonga mara 104, angepita kilomita 61. Angeweza? Kwenye mwendo wa namna ile karibu nguvu yote humalizwa na hewa, na nguvu inayohitajika kuisukuma hewa hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi. Kuitoa baiskeli ileile kwenye kilomita 49 hadi 61 kungemdai Merckx karibu maradufu ya wati alizokuwa akitoa, na alikuwa tayari anatoa alizokuwa nazo zote. Duara la meno 65 lingemkwamisha kwenye kadensi ya 80 na kitu, misuli ikaungua, na huenda hata hizo 49 asingezifikisha.

Ganna aliweza kuisukuma gia ile kwa sababu hewa mbele yake ilikuwa imepungua ukaidi. Merckx alishika usukani uliopinda, amevaa jezi ya kawaida, kwenye fremu ya mabomba ya duara. Faida yake pekee dhidi ya upepo ilikuwa kimo cha jiji la Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Ganna alilala juu ya viegemeo vya mikono vilivyonyooka mbele, magurudumu yake yamefunikwa, kofia na nguo zake zimepimwa kwenye handaki la upepo, chumba cha kupimia upinzani wa hewa, jambo ambalo kanuni ziliruhusu upya kuanzia 2014. Umbo likapungua mbele ya upepo, wati zilezile zikaleta kasi kubwa zaidi, na kasi ilipopanda ikabidi gia iongezwe ili kadensi ibaki pale mwili unapopapenda. Huo ndio mpangilio wa mambo: nguvu na upinzani huiweka kasi, mwili huiweka kadensi, na gia huja mwisho kuzipatanisha.

Kwa sisi tusio na uwanja wala handaki, mfano wa kawaida unatosha. Kilomita 30 kwa saa peke yako kwenye tambarare ni karibu wati 170. Kilomita 40 ni zaidi ya 330. Kijana mwenye gia ya 50 na 11, ambayo kwa kadensi ya 90 ingempeleka kilomita 51 kwa saa, hana wati hizo isipokuwa kwenye mteremko au nyuma ya lori, na kujificha nyuma ya lori kwenye barabara ya Arusha ni jambo nisilomshauri mtu. Jino lile la 11 hukaa bila kazi mwaka mzima, jipya kama lilivyotoka dukani, huku yale ya 17 na 19 yakichongoka.

Sasa, kwa nini mwili upende mizunguko 90 hadi 100, na si 60? Hapa mambo hayako wazi kama hesabu. Vipimo vya maabara vimeonyesha tangu zamani kwamba ukipima hewa ya oksijeni tu, kunyonga polepole, kwenye 60 hivi, ndiko kunakotumia kidogo zaidi, hasa nguvu inayotolewa ikiwa ndogo; miguu yenyewe ina uzito, na kuizungusha haraka kuna gharama yake. Lakini waendeshaji wa mashindano, wakiachwa wachague, huchagua 90 na zaidi, kwa kuwa wanatoa wati nyingi kwa saa nyingi na kila msukumo mzito huziita nyuzi za misuli zile zenye nguvu zinazochoka upesi. Kunyonga haraka huhamisha sehemu ya mzigo kutoka kwenye paja kwenda kwenye moyo na mapafu, ambavyo hupona mapema kuliko paja lililokaza.

Ndiyo maana ushauri unaosambazwa sana, kwamba kila mtu anyonge 90, haunishawishi. Mwanamke anayekwenda sokoni kwa kilomita 15 au 16 kwa saa juu ya baiskeli ya keria anatoa wati 60 hadi 80, na kwa nguvu hiyo kadensi yake ya 50 haina kasoro yoyote. Anayemwambia aongeze mizunguko anamwongezea kazi isiyo na malipo. Kadensi ya bingwa ni matokeo ya wati za bingwa. Miaka ya Lance Armstrong na Jan Ullrich, mahasimu wa Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, watu waliandika sana kwamba Armstrong alishinda kwa sababu alinyonga upesi kwenye milima na Ullrich alishindwa kwa sababu alisukuma gia nzito. Kisha mwaka 2012 Armstrong akafutiwa mataji yote 7 ya Tour de France kwa kutumia dawa, na nadharia nyingi za kadensi zikazikwa kimyakimya pamoja nayo.

Hata hivyo upo mfano mmoja ulio karibu na sisi. Chris Froome alizaliwa Nairobi, na mafunzo yake ya mwanzo aliyapata Kikuyu kwa David Kinjah, mwendeshaji Mkenya ambaye amewatoa vijana wengi. Tarehe 14 Julai 2013, kwenye mlima Ventoux katika Tour de France, aliwaacha wenzake akiwa amekaa kitini, akizungusha miguu kwa haraka ambayo watazamaji wengi hawakuwahi kuiona kwenye mwinuko wa aina ile. Wengi walitazama miguu. Mimi nilipoirudia picha ile nilitazama mnyororo: alikuwa kwenye gia nyepesi, iliyomruhusu kuongeza kasi bila kusimama juu ya pedali. Asingekuwa na gia hiyo, kadensi ile isingewezekana hata angekuwa na nguvu mara mbili.

Mlimani ndiko gia inakolipa gharama yake. Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France, hakutaka mashindano yake yatumie kibadili gia, na hadi kilipokubaliwa mwaka 1937 waendeshaji walipanda Alps na Pyrenees wakiwa na jino moja kila upande wa gurudumu la nyuma. Walipofika mwanzo wa mlima walishuka, wakafungua gurudumu, wakaligeuza ili mnyororo ukae kwenye jino kubwa, wakaendelea. Ni rahisi kucheka, lakini wachuuzi wetu wa ndizi hawana hata hilo jino la pili.

Chukua mwinuko wa asilimia 8, yaani kila mita 100 za barabara unapanda mita 8. Vipande vya namna hiyo havikosekani kati ya Himo na Marangu. Mtu wa kilo 65 juu ya baiskeli ya kilo 20, kwa gia ile ya 44 na 18, atahitaji msukumo wa wastani wa karibu kilo 38 kwenye pedali, na pedali ikiwa mbele msukumo huo unapita uzito wa mwili wake. Hawezi kuupata akiwa amekaa. Husimama, huvuta usukani kwa mikono, na bado akitoa wati 150 atakwenda kilomita 7 na kidogo kwa saa kwa kadensi ya 23, mzunguko mmoja kila sekunde mbili na nusu. Katika mwendo huo, pedali ikifika juu baiskeli karibu inasimama, usukani unayumba kushoto na kulia, na gurudumu la mbele linaandika nyoka kwenye lami. Mimi kwa wati zilezile 150, juu ya baiskeli nyepesi na gia ya 34 na 28, nakwenda kilomita 8.6 kwa kadensi ya 56, nikisukuma kilo 15 tu. Tofauti ya kasi ni kilomita moja na kidogo kwa saa. Tofauti ya mateso ni zaidi ya maradufu. Hata hivyo 56 ni chini ya ninavyopenda, na jino la 34 nyuma lingenipa 68 kwa kasi ileile. Waliokwenda Kigali Septemba 2025, mashindano ya dunia ya barabara yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, waliona hata mabingwa wakifunga meno ya namna hiyo kwa ajili ya vilima vya mjini, na ule mpando wa barabara ya mawe uitwao Ukuta wa Kigali, wa mita 400, wenye mwinuko wa asilimia 11 hivi, ulieleza sababu.

Mpe sasa yule wa kilo 65 mzigo wa kilo 60 kwenye keria. Msukumo wa wastani unafika kilo 64. Ni uzito wake wote, kwenye duara zima, hata pale pedali inapokuwa juu ambapo hakuna anayeweza kusukuma. Hakuna moyo wa kishujaa wa kutatua hilo. Anashuka na kusukuma kwa mikono.

Jirani yangu anayebeba mizigo aliniuliza kama kuna namna. Tulikwenda kwa fundi, ambaye hakuwa na kifaa cha kufungulia friwili, hivyo aliweka tindo kwenye ukingo wake, akaigonga kwa nyundo kinyume na upande inakojifunga mpaka ikaachia kwa mlio mkali, akafunga ya meno 22 badala ya 18 na kuongeza kipande cha mnyororo. Mzunguko mmoja sasa humsogeza mita 4.4. Kwenye tambarare, kilomita 16 kwa saa alizozoea zinamtaka anyonge mara 61 badala ya 50, na alilalamika kwa siku chache kwamba miguu inakimbia bure. Kwenye mwinuko wa asilimia 4, akiwa na mzigo wake wote, msukumo umeshuka kutoka kilo 35 hadi 29, na vipande kadhaa alivyokuwa akishukia sasa anavipanda.

Kwenye asilimia 8 bado anashuka. Nilimpigia hesabu: ili apande pale na mzigo kwa msukumo wa kilo 30 angehitaji jino la nyuma la 38, wakati friwili za gia moja zilizokuwa dukani ziliishia 22. Lakini hata angelipata, kwa wati 150 angekwenda kilomita 4.3 kwa saa, kwa kadensi isiyofika 30, akihangaika kuuzuia mkungu usimwangushe. Huo ndio mwendo anaokwenda sasa kwa miguu, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye keria.